Chumba Namba Saba

Zilishuka TAZARA, Iyunga, Julai ya themanini na nane:
masanduku matatu, kila moja zito kama gunia la lumbesa,
na vitabu kumi na vinne vya majalada mekundu
nilivyovisoma usiku nimevaa koti na soksi mbili mbili,
maana baridi ya Loleza haimheshimu fundi.

Mfumo wake uliitwa Ardeni, toleo la tisa.
Haukufanana na mwingine wowote. Amri zake zilikuwa na lugha yao,
na ukurasa wa kwanza kabisa walishaandika:
usifungue, usinakili, usimwazime mtu.
Nikacheka. Nimwazime nani, Mbeya nzima?

Tulizifunga kwa waya mmoja wa mviringo
na kila mashine ikaiona diski ya mwenzake
kama unavyoliona jiko la jirani mlango ukiwa wazi.
Waya ukikatika mahali pamoja, zote tatu zilinyamaza.
Mara mbili alikuwa panya.
Mara moja nilikuwa mimi na ufagio.

Humo tulichora barabara ya kuteremkia Kiwira,
kona kwa kona, kalvati kwa kalvati,
mimi na Gwakisa na Bi Syabumi wa upimaji,
aliyeingiza vipimo upesi kuliko mashine kuvimeza,
akawa anaigonga kichwani: "Tafuna basi, mwanangu."

Kila Desemba ilikuja barua yenye tarakimu ishirini na nne.
Bila hizo, Januari mosi mfumo ungegoma.
Mashine tulinunua. Ruhusa tulipanga,
kama chumba cha Mwanjelwa, kodi ya mwaka mzima mbele.

Toleo la kumi likafika limevaa nguo za watu.
Lilisema kama mifumo mingine inavyosema,
lugha yake ya kwanza likiinong'ona tu, pembeni,
kwa sisi wa zamani.
Hapo nikajua. Mtu akianza kuionea haya lafudhi ya kwao,
ujue kuna tajiri anapiga hodi.

Kampuni ikamezwa na kampuni.
Barua ya Desemba tisini na sita haikuwa na tarakimu.
Ilikuwa na maneno laini: wateja wetu wapendwa,
tunawashauri mhame.
Mhame! Kana kwamba daraja ni ng'ombe.

Basi nikairudisha saa nyuma.
Kila mwisho wa mwaka, jioni, watu wakienda mkesha,
nafungua chumba namba saba, naandika:
mosi Januari, tisini na sita.
Inakubali. Haijawahi kuniuliza.
Ya kwanza ilikufa, nikaila vipuri. Ya pili vilevile.
Iliyobaki ina figo za wenzake wawili.

Masika yaliyopita daraja likapata ufa,
akaja Mhandisi Tumwitike na kompyuta nyembamba kama chapati.
"Michoro ipo," akasema, "ila haifunguki popote.
Nimejaribu hadi kwa rafiki zangu wa Dar."
Nikachukua ufunguo.

Tulisubiri dakika kumi na moja. Feni ilikohoa.
Akaanza kunieleza kwa upole, kama unavyomweleza mgonjwa,
kwamba vitu hivi vina umri wake —
na nguzo ya kwanza ikatokea kiooni, mstari wa kijani,
kisha ya pili, kisha nondo zote, moja moja,
hadi kona ya chini, kwenye kijisanduku:
kimekaguliwa, G.M.
Gwakisa. Tulimzika Masoko, mwaka wa mvua ile kubwa.

Hakukuwa na tundu la kuchomeka chochote cha leo.
Tumwitike akapanda kiti, akapiga picha kioo kwa simu,
karatasi thelathini na mbili, akinung'unika juu ya mwanga.
Ya mwisho akasita.
"Fundi, mbona tarehe si ya leo?"

Nilitazama kona ya kioo. Mwaka ule
Gwakisa bado alikuwa ananidai shilingi elfu mbili.

Nikamwambia ni betri.